Mashauri ya Juma: Viatu na Nguo za Msafiri wa Ziwani

Wazee wetu walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Maana yake si kwamba msafiri hana fedha mfukoni, bali kwamba akiisha kutoka kwake hana tena kabati, hana pasi, wala hana jirani wa kumwazima sweta. Ana kile alichovaa na kile alichobeba, basi. Kwa hiyo kuchagua mavazi ya safari si upuuzi wa vijana wapendao kujitazama kiooni. Ni jambo la akili, na kwetu sisi tuishio kando ya Ziwa Victoria laweza hata kuwa jambo la uhai na mauti.

Juma hili tumepata barua ya kijana mmoja wa Sena, katika kisiwa cha Mfangano. Hatutamtaja jina. Ameitwa Nairobi ahojiwe kwa kazi ya ukarani, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kwenda huko. Aeleza kwamba fedha alizo nazo, baada ya kutenga nauli na chakula, zatosha kununua jozi moja tu ya viatu. Auliza hivi: Je, anunue viatu vyeusi vyenye ncha, ving'aavyo kama kioo, ambavyo amewaona mabwana wa mjini wakivaa? Au anunue viatu imara vya njiani, ambavyo havitamwumiza, lakini huenda vikamfanya aonekane mtu atokaye shambani? Mwishoni aongeza maneno haya: "Nyumbani nina akala zangu za matairi, lakini hizo naona haya hata kuzitaja."

Swali hili ni jema, tena si la kijana huyo peke yake. Karani anayehamishwa kazi, mkulima aendaye kwenye mkutano wa chama cha ushirika, mama aendaye kumtazama mwanawe shuleni, wote hujiuliza swali hilohilo usiku wa kuamkia safari. Kwa hiyo tutalijibu kwa urefu kidogo, na ile haya ya akala tutairudia mwishoni.

SAFARI MOJA, NCHI NNE

Hapana awezaye kumchagulia mtu mavazi bila kuijua njia yake. Basi na tuitazame kwanza njia ya kijana huyu. Atatoka nyumbani kwa miguu, ashuke njia ya mawe mpaka ufuoni. Hapo ataingia katika mashua ya injini, naye atakuwa majini kwa saa moja au zaidi, kwa kadiri ya upepo na vituo, mpaka Mbita. Kutoka Mbita atapanda basi la usiku, apite Homa Bay, apande nchi ya milima, ashuke katika Bonde la Ufa, kisha apande tena ukingo wake upande wa Limuru, ndipo aingie Nairobi alfajiri. Mwisho atatembea juu ya lami na juu ya sakafu zilizopigwa rangi, mpaka mlango wa ofisi.

Hiyo ni safari moja, lakini ni nchi nne. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya joto. Kericho na Limuru ziko zaidi ya mita 2,000, na Nairobi ni karibu mita 1,700. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi kama 6 kila mtu apandapo mita 1,000. Mtu aliyetoka jasho ufuoni saa kumi za jioni aweza kutetemeka ndani ya basi saa nane za usiku, hasa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Wako wengi waliofika Nairobi wamejikunja kama kuku walionyeshewa, si kwa sababu ya umaskini, bali kwa sababu walivaa nguo za nchi moja wakapita katika nchi nne.

Basi kanuni yetu ni hii, na ndugu msomaji akisahau mengine yote asisahau hii: Mavazi ya safari huchaguliwa kwanza kwa ajili ya hatua iliyo ngumu kuliko zote njiani. Mahali pa kufikia pana nguo zake, nazo hukaa ndani ya mzigo.

YALIYONIPATA MIMI MWENYEWE

Kanuni hii sikuipata kitabuni. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana wa kazi, nilipaswa kuvuka kutoka Mfangano kwenda Mbita, ili kesho yake nikaonane na mkubwa wangu. Nilivaa suti ya sufi nzito na buti za ngozi za kufungwa kwa kamba mpaka juu ya vifundo. Nilikuwa nimezipaka rangi hata nikaweza kuona meno yangu ndani yake. Nahodha akanipa jaketi la kuokoa maisha, la rangi ya machungwa, lenye harufu ya samaki. Nikalitazama, nikaitazama suti yangu, kisha nikalikalia kama mto.

Mbele yangu aliketi mama mmoja mzee. Viatu vyake vizuri alikuwa amevifunga ndani ya ndoo yenye kifuniko, miguu yake i mitupu, na lile jaketi amelivaa na kulifunga kamba zote. Nilimwona mtu wa zamani. Tulipokuwa tukipita upande wa Takawiri, upepo wa mchana ukazidi, maji yakaanza kuruka ndani ya mashua, na mvua ikatupiga. Abiria wakanyamaza. Yule mama akaitazama miguu yangu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo kamba utazifungua lini?"

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kufungua kamba, lakini zilikuwa zimelowa na kuvimba, na vidole vyangu vilikuwa vikitetemeka. Nilijaribu kuvaa jaketi, lakini mikono ya koti ilikuwa mizito kwa maji. Kwa muda usiozidi dakika kumi nilijua wazi kwamba mashua hiyo ikipinduka, mimi niliyevaa vizuri kuliko wote ndiye nitakayekuwa wa kwanza kuzama. Mungu akatuvusha. Nikafika Mbita suti imenywea kama gunia, na buti zimejaa maji. Yule mama akafungua ndoo yake, akajipangusa miguu, akavaa viatu vikavu, akatandaza leso mpya mabegani, akaenda zake kama mgeni wa arusi.

Tangu siku hiyo nimejua ni nani kati yetu aliyekuwa mtu wa zamani.

VIATU

Na tuanze na miguu, kwa kuwa mtu aumizwaye na kiatu hawezi kufikiri jambo jingine. Wanaohoji watu kwa kazi hawajui kwamba kidole chako kimechubuka. Waona tu mtu aliyekunja uso na kujibu kwa mkato.

Usinunue viatu asubuhi. Miguu huvimba kidogo kwa kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi kwa mtu aketiye ndani ya basi usiku kucha. Kiatu kilichokutosha barabara saa mbili za asubuhi chaweza kukubana saa kumi na moja za jioni. Nenda dukani alasiri, ukiwa na soksi zile utakazovaa. Jaribu viatu vyote viwili, maana watu wengi wana mguu mmoja ulio mkubwa kuliko mwingine; chagua kwa kufuata ule mkubwa. Simama wima, uone kama mbele ya kidole kirefu pamebaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha tembea, panda ngazi ikiwapo, na uchutame. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, kitakuchubua. Muuzaji akikuambia, "Kitapanuka tu," mrudishie kiatu chake kwa adabu. Ngozi hulegea kidogo, lakini mguu ndio utakaolipa gharama ya kulegea kwake.

Juu ya viatu vyenye ncha ndefu: ni vizuri kuvitazama, lakini mguu wa binadamu hauna ncha. Mtu aliyekua akitembea miguu mitupu au kwa akala, kama walivyo wengi wetu, ana mguu mpana mbele, wenye vidole vilivyotengana. Huo ndio mguu wenye afya. Kuutia ndani ya kiatu chembamba ni kama kutia mkono mzima ndani ya kidole kimoja cha glavu. Kiatu chenye mbele ya mviringo, kisicho na mapambo, cheusi, cha ngozi, na chenye soli ya mpira, hupendeza katika ofisi yoyote, tena hakipitwi na wakati. Soli ya ngozi ni nzuri juu ya zulia, lakini juu ya ubao wa mashua uliolowa huteleza kama sabuni.

Kiatu kipya kisivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya safari. Kivae nyumbani saa moja kila jioni kwa muda wa majuma mawili, ukikipaka rangi mara kwa mara ili ngozi ilainike. Ukinunua viatu vya mitumba, vitazame kwa ndani kwanza: viatu hivyo vimekwisha kushika umbo la mguu wa mtu mwingine, na kisigino kilicholika upande mmoja kitakutembeza upande. Vianike juani siku mbili tatu kabla ya kuvivaa.

Kiatu cha ngozi kikilowa, usikiweke karibu na moto, maana kitakakamaa na kupasuka. Kijaze karatasi za magazeti, ukiweke kivulini penye upepo, na ubadilishe karatasi zinapolowa. Gazeti hili, ukiisha kulisoma, lafaa sana kwa kazi hiyo, nasi hatutaona vibaya.

Na viatu vya kuvaa ndani ya mashua je? Viwe ni vile vinavyovuliwa kwa mara moja, bila kufungua kamba, tena visivyoharibiwa na maji: patipati, viatu vya plastiki, au akala. Gumbuti ni nzuri shambani, lakini ndani ya mashua hazifai, kwa sababu zikijaa maji mtu hawezi kupiga miguu ili aogelee. Lakini msomaji asidhani kwamba ndara zitamkinga na kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu asimamaye katika maji ya ufuoni, avae ndara au asivae. Mahali pasipo na gati, ni afadhali kuwalipa wachukuzi wakubebe mgongoni mpaka nchi kavu, kuliko kuonyesha ushujaa wa kupita majini. Hapana fedheha katika kubebwa.

NGUO ZA JOTO NA ZA BARIDI

Kosa la watu wengi ni kuvaa vazi moja zito. Vazi moja zito likikuzidi joto huna la kufanya. Likilowa, umelowa wote. Mwenye busara huvaa nguo nyepesi kadhaa zinazovaliwa moja juu ya nyingine: shati la pamba, sweta ya sufi, na juu yake koti jepesi lisilopenya mvua. Ziwani atavaa shati, na hilo koti likihitajiwa. Kericho atavaa vyote vitatu. Nairobi jua likipanda atavua sweta. Sufi ina sifa moja ambayo wavuvi wa nchi nyingi za baridi wameijua tangu zamani: hata ikilowa huendelea kumpa mtu joto kidogo. Pamba ikilowa hushika maji, ikakaa baridi juu ya ngozi.

Kwa upande wa suruali na mashati yasiyokunjika, sayansi imetusaidia. Katika mwaka wa 1941 mabwana wawili wa Uingereza, Whinfield na Dickson, waligundua nyuzi ambazo sisi tulikuja kuziita terilini. Kitambaa cha terilini tupu hakipitishi hewa vema, na katika joto la ziwani humfanya mtu atoke jasho. Lakini kikichanganywa na pamba hupata uzuri wa pande zote mbili: chapitisha hewa, chakauka upesi, na mkunjo wa pasi haupotei hata baada ya kulala ndani ya basi. Ukinunua suruali, soma kile kipande kidogo kilichoshonwa kwa ndani kinachotaja kitambaa. Au fanya hivi: finya kitambaa ndani ya ngumi, uhesabu mpaka kumi, kisha ukiachilie. Kikibaki na makunyanzi, hivyo ndivyo kitakavyokuwa utakaposhuka garini.

Kofia isisahauliwe. Juu ya maji jua hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka chini, kwa kuwa maji huurudisha mwanga wake. Kofia ya ukingo mpana, yenye kamba ya kufunga kidevuni, hufaa kuliko kofia ya fahari ambayo upepo utaichukua kabla hujafika Takawiri. Na atakayelala Mbita au popote kando ya ziwa, awe na shati la mikono mirefu na soksi za kuvaa jua likishatua, maana mbu wa malaria huuma usiku.

RANGI

Watu wengi hudhani kwamba rangi ni jambo la kupendeza tu. Sivyo. Neno kaki lilitoka katika lugha za Uajemi na Bara Hindi, na maana yake ni vumbi. Katika miaka ya 1840 askari wa kikosi kimoja cha Waingereza huko Bara Hindi walianza kuvaa nguo za rangi hiyo badala ya zile zilizoonekana mbali na kuchafuka upesi. Waliona kwamba vumbi litakuwapo njiani wapende wasipende, basi wakavaa rangi yake. Mpaka leo msafiri avaaye kaki, rangi ya udongo, au kijivu, hufika akionekana safi kuliko avaaye nyeupe, ijapokuwa wote wawili wamepita katika vumbi moja.

Kuna sababu nyingine ya karibu na kwetu. Aendaye Bonde la Lambwe, ambako kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma, asivae nguo za buluu wala nyeusi. Mbung'o huvutwa sana na rangi hizo mbili, na ndiyo sababu mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Ugonjwa wa malale, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi mno kandokando ya ziwa letu, umeshindwa: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeuondoa kama tatizo la afya ya umma. Lakini kuumwa na mbung'o ni maumivu hata pasipo ugonjwa, na suti nzuri ya buluu yafaa kusubiri mpaka mjini.

NENO KWA AKINA MAMA

Akina mama wa visiwani hawahitaji kufundishwa na mtu kama mimi, kama nilivyokwisha kueleza. Lakini kwa wasichana walioanza kazi maofisini, neno moja: sketi nyembamba ya kubana hukataa kuvuka ukingo wa mashua. Nimeona binti akishindwa kupanda wala kushuka, watu wakimtazama, naye machozi yakimlengalenga. Sketi pana yenye marinda, au gauni lenye nafasi, au suruali ya kitambaa chepesi, humpa mtu uhuru wa miguu na heshima yake pia. Viatu vyenye visigino virefu na vikae ndani ya mfuko. Kisigino kipana na kifupi humtosha mtu kwa siku nzima ya mjini.

Tena asisafiri mtu bila leso mbili. Leso ni shuka, ni taulo, ni pazia, ni mbeleko ya mtoto, ni mto wa kulalia garini. Ikikunjwa huchukua nafasi ndogo, na ikitandazwa mabegani humfanya aliyechoka aonekane amejipamba.

MZIGO

Zamani watu walizifunga nguo zao katika mifuko ya plastiki. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, na ziwa letu limepata nafuu. Badala yake fanya kama yule mama: tafuta ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana sawasawa. Ndani yake tia viatu vizuri, shati, suruali iliyoviringishwa badala ya kukunjwa, vyeti, na simu. Maji ya mvua na ya mawimbi hayataingia, na wachukuzi wakiiangusha ufuoni itaelea. Hupendezi nayo kama mwenye sanduku la ngozi, ni kweli. Lakini ukifika Mbita utaifungua ndoo, nawe utapendeza kuliko mwenye sanduku lililolowa.

VAZI LA KWANZA

Sasa nafika kwenye vazi ambalo ndilo la kwanza kwa cheo, ijapokuwa huvaliwa la mwisho. Ni lile jaketi la kuokoa maisha. Livaliwe juu ya nguo zote, hata juu ya koti la mvua, kabla mashua haijaondoka. Lifungwe kamba zote, maana jaketi lisilofungwa hupanda usoni na kukuacha wewe chini. Mtoto apewe la kimo chake, si la mtu mzima. Lisikaliwe wala lisilaliwe, kwa sababu likibonyezwa mara nyingi hupoteza nguvu zake za kuelea. Wala usilivue ukiona ufuo umekaribia. Kivuko cha MV Nyerere, huko Tanzania, kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Hatusemi kwamba mavazi yao ndiyo yaliyowaua. Twasema kwamba maji hayajali kama umebakiza mwendo mrefu au mfupi.

Wako wasemao kwamba jaketi hukunja koti, au hunuka, au huonyesha woga. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tahadhari huja kabla ya hatari, na nguo iliyokunjika hupigwa pasi.

JIBU KWA KIJANA WA SENA

Basi, ndugu yetu, jibu letu ni hili. Jozi moja yatosha. Nunua viatu vyeusi vya ngozi, vyenye mbele ya mviringo na soli ya mpira, visivyo na ncha wala madoido. Vivae nyumbani majuma mawili. Siku ya safari vitie ndani ya ndoo pamoja na shati jeupe, suruali yako, na vyeti. Wewe mwenyewe vaa suruali ya kaki, shati, na hizo akala zako unazoziona haya. Sweta iwe karibu na mkono. Ondoka asubuhi, wakati ziwa huwa limetulia kuliko alasiri, ingawa itakubidi kungojea basi Mbita mchana kutwa. Vaa jaketi, ulifunge. Ukishuka Nairobi alfajiri tafuta mahali pa kunawa, jipanguse, badilisha nguo, vaa viatu. Akala zitie ndooni, nazo zitakurudisha nyumbani.

Na juu ya hiyo haya, tuseme neno. Katika siku za babu zetu, watu wa kwetu walioanza kuvaa nguo za kitambaa na kwenda shule waliitwa kwa Kijaluo jo-nanga, yaani watu wa nguo. Lilikuwa jina la sifa kwa wengine, na la dhihaka kwa wengine. Tangu hapo tumekuwa tukiamini kwamba maendeleo ya mtu yaonekana katika mavazi yake, na si uwongo mtupu: mtu nadhifu huheshimiwa, naye hujiheshimu. Lakini unadhifu ni kuvaa kinachofaa mahali ulipo. Akala ndani ya ofisi ni aibu kidogo; viatu ving'aavyo ndani ya mashua yenye mawimbi ni ujinga mkubwa. Mwenye akala mguuni na viatu vikavu ndooni ana vyote viwili, na hapana mkubwa wa ofisi atakayejua ulivukaje. Atamwona tu kijana safi, asiyechechemea, ajibuye maswali kwa utulivu.

Twamtakia safari njema, na akipata kazi hiyo atuandikie. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, maana wasomaji watatu wameuliza.